Kampuni kubwa na sheria mbili: sisi tunapimiwa kwa kisado

Msimu wa 2022 nilipimiwa mbolea ya DAP kwa kisado pale Uyole, kama mtu anayenunua maharage. Mfuko wa kilo 50 ulishavuka laki moja, na viazi vya Uporoto ukivinyima mbolea ya kupandia utavuna gololi. Nilipouliza kulikoni, mwenye duka la pembejeo alijibu neno moja tu: "Vita."

Vita ya Urusi na Ukraine, ndiyo. Gesi nayo ilipanda, na China ilishabana mbolea yake tangu 2021. Ila Marekani haikupiga marufuku mbolea ya Urusi. Machi 2022 ilitoa hadi kibali cha kuiruhusu. Benki, wenye meli na watu wa bima ndio walioona heri wakae mbali. Wana sababu ya kuogopa: mwaka 2014 benki ya Kifaransa ya BNP Paribas ilikubali kulipa Marekani takriban dola bilioni 8.9 kwa miamala ya Sudan, Iran na Kuba, nchi zilizowekewa vikwazo na Marekani.

Sasa geukia upande wa pili. Ulaya ina sheria ya 1996 inayokataza kampuni zake kutii vikwazo fulani vya Marekani, vya Iran vikiwemo. China nayo mwaka 2021 ilitunga yake: ukitekeleza vikwazo vya kigeni dhidi ya Mchina, anaweza kukushtaki. Ukitii huku, umevunja kule.

Wengi huzionea huruma kampuni hizi. Mimi hapana, maana nyingi hujitoa kimyakimya na kusingizia "sababu za kibiashara". Kampuni ya simu ya Ujerumani, Telekom Deutschland, iliikatia huduma Bank Melli ya Iran bila kutaja sababu. Desemba 2021 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema kampuni inaweza kuvunja mkataba bila kujieleza, lakini dalili zikionyesha imetii Marekani, yenyewe ndiyo ithibitishe vinginevyo. Hapo ndipo ninapogoma. Kwa nini isilazimishwe kusema tangu mwanzo? Anayekunyima mzigo akwambie sababu kwa maandishi, ujue wa kumdai ni nani.

Majirani zetu hapo ng'ambo ya mpaka wa Kasumulu waliyaona zaidi. Tani 20,000 za mbolea ya kampuni ya Uralchem ya Urusi, msaada wa bure kwa Malawi, zilikuwa zimekwama Uholanzi kwa ajili ya vikwazo. Meli iliondoka mwishoni mwa Novemba 2022, mvua za kupandia zikianza. Mbolea ilikabidhiwa Machi 2023, mahindi yameshabeba.