"Mr. Bad Guy": Freddie Mercury tuliyempita bila salamu

Ukipita Barabara ya Kenyatta pale Shangani, Mji Mkongwe, huchelewi kuwakuta watalii mbele ya nyumba ya makumbusho ya Freddie Mercury, iliyofunguliwa mwaka 2019. Wanapiga picha, na mara nyingi mmoja wao hufungulia wimbo kwenye simu. Wimbo wenyewe ni uleule: "Bohemian Rhapsody". Siwalaumu, ni wimbo mkubwa. Lakini kwa miaka yote niliyopita pale sijasikia hata siku moja wimbo kutoka "Mr. Bad Guy", albamu pekee aliyoifanya mwenyewe kabisa, bila bendi yake ya Queen na bila Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera aliyeimba naye baadaye. Wenyeji nao ukiwauliza, wengi hawaijui. Hilo linaniuma, kwa sababu kwangu mimi hiyo ndiyo rekodi ambayo Freddie anasikika karibu zaidi.

Ilitoka Aprili 1985. Alikuwa na umri wa miaka 38, na Queen ilishakuwa na miaka 15. Wenzake walikuwa wamemtangulia: mpiga ngoma Roger Taylor alitoa albamu yake mwaka 1981, mpiga gitaa Brian May akafuata na kazi yake ndogo mwaka 1983. Freddie aliirekodi yake Musicland, studio iliyokuwa chini ya jengo la hoteli mjini Munich, akisaidiana na prodyuza Reinhold Mack, yuleyule aliyefanya kazi na Queen humo humo. Nyimbo ni 11, na zote kazitunga yeye.

Kwenye chati za Uingereza ilifika nafasi ya 6. Marekani iliishia ya 159. Kisha ikaja tarehe 13 Julai, tamasha la Live Aid pale Wembley, Queen wakapanda jukwaani kwa dakika zipatazo 20 na kuwafunika wote. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaka kusikia habari za Freddie wa peke yake. Naamini dakika zile ziliizika albamu hii kuliko kasoro zake zozote.

Kasoro zipo. Sintesaiza, vile vinanda vya umeme vinavyounda sauti, zimejaa kila kona, na ngoma zina ule mlio mkavu wa katikati ya miaka ya themanini unaozeesha wimbo haraka. Mashabiki wa roki walikuwa na sababu ya kununa, maana Queen ya miaka ya sabini ilikuwa ikiandika kwenye majalada yake kwa fahari kwamba haikutumia sintesaiza hata moja. "Foolin' Around" siwezi kuitetea. "Your Kind of Lover" inaanza vizuri kwa piano, halafu inakimbia bila kujua inakwenda wapi.

Lakini waliosema nyimbo zenyewe ni dhaifu walijibiwa na yaliyotokea baadaye. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Mwaka 1993, Freddie akiwa ameshafariki, "Living on My Own" ilichanganywa upya kwa mapigo ya disko na ikashika namba 1 Uingereza, wimbo uleule ambao mwaka 1985 ulikwama nafasi ya 50. Miaka miwili baadaye Queen walizichukua "Made in Heaven" na "I Was Born to Love You", wakazivisha magitaa ya Brian May na kuziweka kwenye albamu yao ya mwisho wakiwa na sauti yake, tena albamu nzima wakaipa jina la ule wimbo wa kwanza. Watu wakalia, wakasifu. Wachache walikumbuka kwamba ni chakula kilekile walichokiacha mezani miaka kumi nyuma.

Nami nasema, hata mbele ya mapishi ya Queen, nachagua ya 1985. Kwenye "Made in Heaven" ya bendi, gitaa linaingia kama jeshi na wimbo unageuka tangazo la ushindi. Kwenye ile ya kwanza, ni mtu anayejaribu kujishawishi kwamba yaliyompata yaliandikwa. Tofauti ni kubwa, na huwezi kuisikia spikani kwenye kelele za watu. Weka visikilizi, usiku, peke yako.

Halafu nenda "There Must Be More to Life Than This". Wimbo huu aliwahi kuurekodi na Michael Jackson mwanzoni mwa miaka ya themanini, na sauti za wawili hao pamoja zilitolewa rasmi mwaka 2014 tu. Wengi waliukimbilia huo wa wawili kwa sababu ya majina. Mimi narudi kwa huu wa mtu mmoja. Anauliza kwa nini dunia imejaa chuki na vifo, maswali ya kitoto kabisa, na anayauliza bila kupamba. Mtu aliyezoea kuongoza uwanja mzima kwa mkono mmoja hapa anaimba kama aliyekaa ukingoni mwa kitanda.

Na "Living on My Own" yenyewe, kabla ya ule mchanganyo. Video yake ilipigwa Munich kwenye sherehe ya kuzaliwa kwake alipotimiza miaka 39: ukumbi umefurika, wageni wamevaa nyeusi na nyeupe, vinywaji vinamiminwa. Wimbo unaopigwa juu ya picha hizo ni wa mtu anayesema anaishi peke yake na upweke umemfika shingoni. Katikati maneno yanamwishia, anabaki kuchezesha sauti tupu isiyo na lugha, inapanda na kushuka. Na kwenye jalada, albamu yenyewe aliitabaruku kwa paka wake, Jerry, akawataja na Tom, Oscar na Tiffany.

Sisi wa huku tuna hamu ya kuisikia Unguja katika sauti ya Farrokh Bulsara, ndilo jina la Freddie la kuzaliwa, mtoto aliyezaliwa hapa 1946 na ambaye familia yake iliondoka 1964 baada ya Mapinduzi. Nimeitafuta kwenye rekodi hii, sikuiona. Kuna rege kidogo mwanzoni mwa "My Love Is Dangerous", kuna okestra nzima kwenye wimbo uliobeba jina la albamu, taarabu hakuna. Si lazima atuimbe sisi ndipo tumsikilize.

Ukiitafuta, chukua toleo la 2019. Justin Shirley-Smith na Joshua J Macrae walirudi kwenye rekodi za awali wakazichanganya upya, na sauti yake sasa ina nafasi ya kupumua. Usiizime kabla ya "Love Me Like There's No Tomorrow", ya mwisho. Wawili wanaachana, wote wanajua, naye anaomba apendwe usiku huo kana kwamba kesho haipo. Hapigi kelele hata kidogo.