Kilele cha Jua si kalenda ya dhoruba

Mwaka 1843 Heinrich Schwabe, Mjerumani aliyekuwa ameyahesabu madoa ya Jua (sehemu zenye giza usoni pake) kwa miaka 17, alitangaza kwamba idadi yake hupanda na kushuka kwa kipindi cha takriban miaka kumi. Leo wastani unaotajwa ni miaka 11. Linalobishaniwa ni kama kipindi hicho kinafaa kuwa kalenda ya kujikinga na athari za Jua kwa setilaiti na umeme.

Wanaokitegemea wana hoja nzito. Jua linapokaribia kilele, yaani wakati madoa ni mengi zaidi, mionzi yake ya urujuanimno huongezeka, tabaka za juu za angahewa hupata joto na kutanuka, na setilaiti zinazozunguka chini hukumbana na hewa nzito zaidi, hivyo hupoteza kimo. Skylab, kituo cha anga cha Marekani, kilianguka Julai 1979, mapema kuliko ilivyotarajiwa, kwa kuwa Jua lilichangamka kupita makadirio. Badiliko la aina hii huja polepole, na mpangaji wa safari za anga anaweza kulipimia mafuta ya akiba.

Dhoruba za sumaku, yaani misukosuko ya uga wa sumaku wa Dunia, ni jambo jingine. Zilizo kali huletwa hasa na mawingu ya gesi yenye chaji ambayo Jua huyarusha ghafla, na wingu moja tu, likilenga Dunia huku uga wake wa sumaku ukielekea kusini, linatosha kuzusha mikondo isiyotakiwa katika nyaya ndefu za umeme. Ndivyo jimbo la Québec, Kanada, lilivyoingia gizani kwa takriban saa tisa Machi 13, 1989. Ni kweli kwamba matukio haya huwa mengi karibu na kilele, na dhoruba ya Mei 2024 ilifuata kanuni hiyo. Hata hivyo, dhoruba za Oktoba 2003 zilikuja Jua likiwa limeanza kutulia, na wingu la Julai 2012, ambalo kwa bahati liliikosa Dunia, lilizaliwa katika kipindi dhaifu kuliko vyote vya takriban karne moja. (Kwa hiyo utabiri wa kilele dhaifu haumpi mtu ruhusa ya kulala.)

Kwa maoni yangu, kipindi kitumike kupanga maisha ya setilaiti, lakini kisitumike kuamua mwaka wa kulinda transfoma. Vyombo vilivyo takriban kilomita milioni 1.5 kutoka Dunia, upande wa Jua, hupima wingu likiwa njiani, ila lile lenye kasi hufika chini ya saa moja baadaye: muda wa kupunguza mzigo kwenye laini ndefu na kusimamisha matengenezo, iwapo utaratibu huo uliandikwa na kufanyiwa mazoezi kabla, hata katika miaka ambayo Jua halina doa.