Ulimi wangu ulivyozua balaa kwenye basi la Mwanza

Nyie mnaonitumia pole acheni kwanza. Sijalishwa dawa, sijaibiwa, na sikumng'ata afande. Huyo jamaa yangu aliyewarushia voisi kwenye grupu alikuwa siti ya nyuma kabisa amelala fofofo, kaamka mwishoni kakuta makelele, yaliyobaki kajitungia.

Iko hivi. Mnajua ninavyokoroma (mliowahi kupanga na mimi nyamazeni). Nilipopimwa usingizi wakakuta pumzi inakata mara 9 kwa saa, na kuanzia 5 mpaka 14 ndo wanaita hali ndogo, daktari akasema mashine ya kupuliza hewa tuiache kwanza tujaribu kifaa cha mdomoni. Wengi wanapewa kile cha kuvaa kwenye meno kinachosukuma taya la chini mbele ili koo lisizibe, ila kinataka meno ya kukishikilia na mimi magego yangu mengi tulishaagana, basi nikapewa cha ulimi. Ni kichupa laini cha silikoni, unakiminya, unachomeka ulimi, ukikiachia kinaunyonya, unalala ulimi uko nje hauwezi kurudi nyuma kuziba njia ya hewa. Kinasaidia kweli. Ila unafanana na mtoto mkubwa aliyegoma kuacha chuchu, na mate ndo usiseme.

Sasa basi la usiku, Dar kwenda Mwanza, nimepata siti ya mbele, nikaona niwaonee huruma abiria wenzangu. Nikakivaa, juu yake barakoa, kofia ya sweta mpaka kwenye nyusi, nikalala. Jirani yangu mama mtu mzima, mkarimu, tangu Morogoro ananikirimu biskuti. Hizo biskuti zikumbukeni.

Saa tisa usiku, Dodoma tumeshaiacha, basi likasimama. Trafiki akapanda na tochi. "Habari za safari abiria, dereva anawaendeshaje?" Kimya. Tochi ikazunguka ikatua usoni kwangu. "Kaka wa barakoa, mwendo ukoje?"

Jamani mimi nimetoka usingizini, nimesahau kama nina kitu mdomoni. Nikajibu kwa adabu zangu zote "salama afande", kikatoka "hahaha ahahehe".

"Unanicheka?"

Nikatikisa kichwa kukataa. Kosa. Mate yote yaliyojikusanya kwenye barakoa yakapata upenyo, yakashuka kidevuni, yakashika shingo, yakaingia kwenye kola, na tochi inayasindikiza taratiiibu. Basi zima linaangalia. Ndo dada wa siti ya pili akapiga ukunga: "Kalishwa dawa huyo! Nimemuona huyo mama anampa biskuti!"

Watu wakasimama. Mama wa watu anaapa kwa majina ya watoto wake wote. Mimi natetea, "hihoo hahahe!", na kila nikitetea ndo naonekana nakata roho. Konda akasema apewe hewa, akanishusha barakoa.

Mnaokula wekeni sahani chini. Barakoa iko shingoni, tochi iko palepale, ulimi wote nje, umo ndani ya kichupa, unaonekana kabisa. Mmoja akasema "Yesu na Maria", mwingine "Innalillahi", afande akarudi ngazi moja chini. Konda ndo jasiri, akakidaka akavuta. Ndugu zangu kile kitu hakivutwi, kinaminywa hewa iingie ndo kiachie! Yeye anavuta, ulimi unakuja, kichwa kinafuata ulimi, mimi nafuata kichwa, tukatembea hivyo mpaka mlangoni naye hajaachia, ndo nikapata upenyo wa kukiminya. PWAA. Wakapiga makofi. Sijui walikuwa wanampigia nani.

Mengine mafupi. Ulimi una ganzi, naongea hakuna anayeelewa, nikatoa karatasi ya hospitali, afande akasoma akacheka, ya mwendo wa dereva hakuuliza tena, tukaondoka. Shida ni kwamba kabla ya hapo alishamlazimisha yule mama ale biskuti zake zilizobaki, moja moja, huku anammulika.

Tulipofika Nyegezi, stendi ya Mwanza, nikakimbia kumnunulia soda ya baridi nimuombe radhi. Akaiangalia soda, akaniangalia mimi.

"Hapana mwanangu, asante. Mimi vya kupewa safarini nimeacha."