Shahamu kwenye chakula cha kuku wa mayai: iandikwe kwenye mfuko

Wafugaji wengi wa Pwani wakisikia chakula cha kuku wa mayai kimetiwa shahamu ya ng'ombe hukunja uso. Mimi naiunga mkono, hasa kwa sisi tunaofuga kwenye joto la Dar es Salaam. Ninachopinga ni kufichwa.

Kuku hatoki jasho. Mwezi wa pili, bati likishawaka, hutanua mbawa na kuhema mdomo wazi, na kitu cha kwanza anachopunguza ni kula. Mayai yanakuwa madogo, ganda linakuwa jembamba. Tena kumeng'enya chakula kwenyewe kunazalisha joto mwilini, na mafuta huzalisha kidogo kuliko wanga au protini. Halafu yana nguvu nyingi: kilo ya mahindi humpa kuku kilokalori kama 3,300, ila kilo ya shahamu safi hupita 7,000. Akidonoa kidogo, bado amepata kitu.

Ila hapo ndipo wengi wanaochanganya wenyewe wanapojipunja. Kuku hula kwa kufuata nguvu anayohitaji. Anayekula gramu 115 kwa siku za chakula chenye kilokalori 2,700 kwa kilo, ukimpandishia hadi 2,850 anaweza kushuka hadi gramu 109 hivi. Kama protini ilikuwa asilimia 16 na hukuigusa, umemnyang'anya karibu gramu nzima kila siku, na chokaa, inayompa kalsiamu ya ganda, nayo imepungua. Atanenepa, ini litajaa mafuta, na trei zitapungua. Ukiongeza shahamu, ongeza na soya au dagaa, ongeza na chokaa.

Chokaa ina kisa chake. Mafuta magumu kama ya ng'ombe hushikana na kalsiamu kwenye utumbo, yakawa kama sabuni, yakatoka na kinyesi. Kuku anakosa vyote viwili. Pia yana kiasi kidogo mno cha asidi ya linoleiki, ambayo yai linaihitaji ili liwe kubwa. Ndiyo maana naona shahamu iende pamoja na mashudu ya alizeti. Yale ya mashine ndogo za kukamua hubaki na mafuta mengi laini, na mafuta laini husaidia yale magumu kufyonzwa. Kwangu shahamu asilimia 2 ya chakula inatosha. Iyeyushwe mpaka iwe maji kabisa, ichanganywe kwanza na pumba kidogo, ndipo iingie kwenye mahindi yaliyoparazwa; vinginevyo ni mabonge tu. Ikinuka uvundo, itupwe. Mafuta yaliyochacha huharibu vitamini A na E za chakula chote.

Sasa mfuko. Mwaka 1999 nchini Ubelgiji, mafuta yaliyokusanywa kwa ajili ya chakula cha mifugo yalichanganyika na mafuta ya viwandani yenye sumu. Wafugaji waliona mayai hayaanguliwi na vifaranga vinakufa, miezi kabla wananchi hawajaambiwa. Kuku na mayai viliondolewa madukani, mawaziri wawili walijiuzulu, na mwezi Juni serikali ya waziri mkuu Jean-Luc Dehaene ikashindwa uchaguzi. Mafuta ni mafuta. Ukishayayeyusha, kwa macho huwezi kujua yametoka wapi.

Mifuko ninayonunua mara nyingi huandika asilimia ya protini na kuishia hapo. Mteja wangu Mwislamu akiniuliza kama kuku hawa wamelishwa mafuta ya nguruwe, ana haki ya jibu, na mimi sina mahali pa kulisoma. Kiwanda kiandike mnyama gani, asilimia ngapi, na tarehe ya kusagwa, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. Hata kwa jirani anayekusagia mashineni, muulize swali hilo kabla hajawasha mota.