Kichwa cha Zimwi Juu ya Tangi

Desemba hiyo ploti yetu ya Kayole ilikuwa kimya. Majirani wengi walishaenda ushago, na mimi niliyebaki kwa kukosa nauli nikaamua kupima nyota.

Si nyota yoyote tu. Algol, ambayo kwa macho ni moja lakini ndani yake kuna nyota zinazozungukana. Kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49, ile hafifu huikinga ile angavu, na mwanga hushuka kutoka 2.1 hadi 3.4. (Ndiyo, kushuka ni kupanda. Namba za nyota ni kama nafasi darasani: ukisikia kubwa, jua kuna anayevuta mkia.) Kuipima si kazi ya mitambo. Unatafuta nyota jirani zenye mwanga unaojulikana, unailinganisha nazo, basi. Mwaka 1783 John Goodricke, kijana kiziwi wa miaka 18 huko Uingereza, alitangaza mpangilio huo wa siku bila hata darubini. Nami macho ninayo.

Saa tatu usiku stima zikapotea mtaa mzima. Wengine walilalamika, mimi nikamshukuru Mungu. Nikapanda paani na blanketi, daftari, na tochi niliyoifunga karatasi nyekundu ya peremende, maana mwanga mweupe huyaharibu macho yaliyozoea giza. Nikakwea juu ya tangi la maji, nikaelekea kaskazini, upande wa Kasarani.

Kwa uvivu nikachagua nyota ya kulinganishia iliyo ubavuni kabisa mwa Algol, Rho Persei. Nikaiandika 3.3. Saa nne, Algol inaishinda. Saa tano, bado. Saa sita, wakati ilipaswa kuwa imefifia kabisa, bado inaishinda! Nikaanza kumshuku marehemu Goodricke. Kisha nikamulika ramani yangu vizuri, nikasoma maandishi madogo: Rho Persei nayo hubadilika mwanga, kati ya 3.3 na 4.0.

Kwa muda wa saa tatu nzima nilikuwa napima kitambaa kwa futi ya lastiki.

"Mwongo wewe!" nikaifokea. "Mwongo mkubwa!"

"Nani huyo?" Soja wetu, chini, na rungu lake. "Shuka, mchawi wewe!"

"Si mchawi, mzee. Napima nyota."

"Nyota gani?"

Hapa ningenyamaza. Lakini kiherehere changu mnakijua. Nikamweleza kwamba jina lake limetoka kwa Waarabu, Ra's al-Ghul, yaani kichwa cha zimwi.

Kimya kidogo.

"Kwa hiyo uko juu ya maji tunayokunywa, usiku wa manane, na taa nyekundu, na kichwa cha zimwi."

Dirisha la ghorofa ya nne likafunguka, Mama Kevo akaanza kukemea. "Ashindwe! Ashindwe na alegee!" Sijui alimaanisha zimwi au mimi.

Soja akapanda hadi juu akihema. Nikamwonyesha Algol kwa kidole, nikamweleza habari ya kufifia na kurudi. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Kijana, hii hufifia kweli? Si macho ya mtu?"

"Kweli, mzee. Kila siku tatu kasoro kidogo."

Akatia mkono kwenye koti, akatoa kichupa cha dawa ya macho. "Tangu Oktoba natia hii. Nilimwambia daktari kuna nyota leo naiona, kesho kutwa siioni."

Nilikosa la kusema. Badala yake nikamwonyesha Epsilon Persei, 2.9, na Kappa Persei, 3.8, nikamwomba aniambie Algol iko wapi kati ya hizo mbili.

"Katikati," akasema bila kusita. "Katikati kabisa."

Nikaandika 3.4.

"Sawa," akasema, akikitikisa kichupa. "Na mia nne zangu za dawa nimdai nani, wewe au huyo zimwi?"