Filamu ya zamani haidumu kwa picha peke yake

Kuna mwandishi anayesema filamu za zamani hudumu kwa ustadi wa picha. Kwangu mimi sababu hiyo haitoshi; kisa kinachogusa maisha ya watu nacho huidumisha filamu. Katika La Noire de…, filamu ya mwongozaji Msenegali Ousmane Sembène ya mwaka 1966, msichana aitwaye Diouana anatoka Dakar akidhani anakwenda Ufaransa kulea watoto, kumbe anageuzwa mpishi na mfagizi asiyetoka nje, na baada ya kifo chake mwajiri anampelekea mama wa Diouana fedha, naye anazikataa. (Mama yule hasemi mengi, lakini ndiye ninayemkumbuka zaidi.) Binti wa Mombasa au Tanga aliyewahi kufanya kazi za ndani Uarabuni angeielewa filamu hiyo bila mkalimani, jambo ambalo filamu nyingi za leo, pamoja na bajeti zake kubwa, hazijalifikia.