Bustani ya wanyama Tabora si ya saa nane mchana

Kila Idi na Krismasi kosa ni lile lile: watu wanakula pilau kwanza, wanavaa, wanapiga picha, halafu saa nane mchana ndipo msafara wa kwenda bustani ya wanyamapori unaanza. Jua liko utosini. Simba kajilaza ubavu, kinachotikisika ni sikio tu linalofukuza nzi. Simba anaweza kulala hata saa 20 kwa siku, na kiingilio chako hakimwamshi. Mtoto anachoka, anaokota kokoto, anarusha. Hapo wa kulaumiwa ni aliyempeleka saa hiyo.

Nendeni siku ya kawaida, saa mbili unusu asubuhi, mkae kwa muda wa saa mbili basi. Anzeni na wala nyama kabla joto halijapanda. Wala majani waje mwisho, maana wao hutafuna karibu kutwa. Getini ulizeni wanyama gani wapo na wanalishwa saa ngapi.

Mtu mzima mmoja kwa watoto watatu, asizidishiwe. Na tafadhali, mtoto asikalishwe juu ya uzio eti aone vizuri. Chuchumaa mpaka macho yako yalingane na yake. Mara nyingi utakuta kinachomziba ni nguzo moja tu. Msogeze hatua mbili pembeni, kazi imekwisha.

Maji nusu lita kwa kila mtoto, lita moja na nusu kwa mkubwa. Chakula, hakuna kinachoshinda matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa: hayayeyuki, hayamwagiki, hayana karatasi. Yawekeni kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, na mle mkiwa mbali na tumbili. Tumbili aliyezoea kulishwa hasubiri kupewa; akisikia tu karatasi ya biskuti inakwaruza, ameshashuka, na mkono wa mtoto ndio unaokwanguliwa.

Wanaosema ndizi moja haina neno waulize yaliyotokea kwa majirani zetu wa Kigoma. Miaka ya 1960 kule kwenye hifadhi ya Gombe, mtafiti wa sokwe Jane Goodall na wenzake waliwawekea sokwe ndizi ili wawaone kwa karibu. Sokwe wakarundikana kambini, ugomvi ukazidi, nyani nao wakaingia kati, ikabidi ulishaji upunguzwe. Huo ulikuwa mpango wa watafiti, sembuse ndizi za watu wa sikukuu.

Mwenye mafua abaki nyumbani hata akilia, kwa sababu nyani na tumbili huambukizwa maradhi ya binadamu.

Kuna wazazi wanaoidharau bustani ya mjini, wanataka waruke moja kwa moja hadi Gombe. Nauli ya treni wanayo, sawa. Ila wenye umri chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kufuata sokwe msituni, na hofu ya maradhi ni mojawapo ya sababu. Wa darasa la pili atabaki kambini na shangazi yake, akiangalia ziwa.